Sakafu ya Mpunga na Mguu wa Tupo

Nimestaafu. Najua mtacheka, maana sijafika hata miaka thelathini, na mama yangu alipolisikia hilo neno aliniuliza wastaafu wana mvi na mafao, mimi nina nini. Nina ndoo. Hiyo ndoo nawaachia nyinyi, Gwakisa na Neema, pamoja na filimbi, bandeji na watoto wote wa timu yetu ya Ndandalo. Mimi chuo kimeniita Mbeya na naondoka kabla mwezi haujaisha. Kocha alisema niwaelekeze kwa mdomo. Kwa mdomo mtasahau, nawajua. Naandika, na naandika haraka, sina subira ya kuzunguka.

Mambo ya posho, na nani alikuwa msaidizi wa nani, nayaruka. Posho mtaiona wenyewe na haitawachosha macho.

Nilianza nikiwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nasubiri matokeo na kugombana na kila mtu. Kocha Ambokile alikuja kumtafuta kaka yangu awe anabeba maji ya timu. Kaka alikuwa ng'ambo ya mto Songwe kwa biashara zake za Malawi. Kocha akanitazama mimi, mikono yake imejaa grisi, maana kazi yake ya kula ni ufundi pikipiki.

"Wewe unaogopa damu?"

"Siogopi."

"Basi njoo jioni."

Jioni hiyo mtoto mmoja aling'oka kucha ya kidole gumba. Nikakimbia na ndoo, nikammwagia mguu mzima mpaka ndoo ikaisha. Timu nzima ikanikodolea macho. Kocha akasema taratibu, "Hayo yalikuwa ya kunywa, mwanangu." Siku hiyo watoto walikunywa maji ya kuomba nyumba za jirani, na mimi nilijifunza kwamba ndoo ni mbili, moja ina mfuniko.

Kocha ndiye aliyenifundisha kazi. Kufunga bandeji kuanzia vidoleni kupanda juu, sio kinyume. Kukagua njumu ndani kabla mtoto hajavaa, maana misumari ya soli hupenya. Kutomruhusu mzazi yeyote kuuvuta mguu uliotenguka, hata kama mzazi anasema babu yake alikuwa anavuta. Nayasema haya mapema ili mkifika huko mbele msimwone mtu mbaya. Hakuna mtu hapa Kyela anayewapenda hawa watoto kama yeye. Ndiyo maana ilikuwa ngumu.

Wakati huo mpira wetu ulifuata maji. Masika ikikolea uwanja wote unakuwa bwawa, magoli yamesimama humo peke yake, na watoto wanatawanyika. Wanaogelea. Wanapiga makasia na wajomba zao. Wanafukuza ndege kwenye mpunga kwa kombeo za matope mpaka mabega yanakuwa ya chuma. Wasichana wanacheza rede na netiboli kwenye kiwanja cha shule kilichoinuka. Maji yakikauka wanarudi wamerefuka, wana pumzi, wana njaa ya mpira. Wiki ya kwanza wanapiga mpira kama wanapiga jiwe, ya pili wanakumbuka.

Halafu tukaenda Mbeya kucheza na watoto wa mjini, tukafungwa mabao mpaka refa akatuonea huruma. Tukiwa njiani kurudi, tulipofika Tukuyu, Kocha akafungua mdomo.

"Hawatuzidi vipaji, Atu. Wanatuzidi miezi. Wao wanacheza mwaka mzima. Sisi maji yanatuibia."

Masika iliyofuata akaja na dawa yake. Mnajua ile sakafu ya kuanikia mpunga pale kwenye mashine ya kukoboa, pana, imepigwa saruji, imeinuka. Masika iko tupu kwa sababu mpunga wenyewe bado uko shambani. Akamwomba mwenye mashine, akapewa. Kijiji kizima kilisifu, na kweli, nani angefikiria? Watoto wa Ndandalo wanacheza mpira wenzao wote wamezingirwa na maji. Asubuhi kabla ya shule, na jioni tena. Mwenye njumu alizivua akavaa raba, asiye na raba alicheza peku.

Na sheria ikaja. Aliye kwenye timu haogelei, maji ya baridi yanaua misuli. Hakimbii riadha ya shule. Netiboli hapana. "Hapa ni mpira tu," Kocha alisema, na wazazi wakaitikia kama kanisani. Watoto wenyewe walikuwa wa darasa la tano na la sita.

Mwaka ule tulishinda kila mechi. Nasema ili mjue, sio kwamba ilionekana ni ujinga.

Kazi yangu ndiyo iliyobadilika. Zamani nilikuwa natibu vitu vinavyoonekana: kucha, goti lililochubuka, pua inayotoka damu. Sasa walikuwa wanakuja na maumivu yasiyo na kidonda. Visigino. Magoti, pale chini ya kifuniko, panavimba kinundu. Naweka barafu ninayoiomba kwa jirani anayeuza lambalamba, kesho mtoto anarudi palepale. Nilizoea kuwapeleka zahanati kwa Sista Rehema, mpaka siku moja akanipokea amefungua mikono.

"Visigino tena? Mna kiwanda huko?"

Akaniuliza wanacheza nini kingine. Nikasema hakuna. Hata kuogelea? Kocha amekataza. Wanachezea wapi? Kwenye saruji. Aliweka kalamu chini.

"Mtoto anakua, Atu. Mifupa yake bado haijakomaa. Akicheza leo hiki kesho kile, kila kiungo kinapata zamu ya kupumzika. Wewe unagonga palepale, palepale, kila siku, kwenye saruji. Unategemea nini?"

Ndipo akanifundisha jambo moja ambalo nataka mlishike kuliko mengine yote humu. Mwambie mtoto akuonyeshe panapouma, halafu mwangalie mkono. Akipapasa kwa kiganja kizima, mara nyingi ni misuli, mpumzishe umwangalie. Akiweka kidole kimoja juu ya mfupa, na ukibonyeza hapohapo anaruka, anatoka uwanjani siku hiyohiyo na anaenda hospitali. Hakuna mjadala wala bandeji.

Nikampelekea Kocha maneno hayo yote. Alikuwa chini ya pikipiki ya mtu.

"Sista anajua sindano," alisema bila kutoka. "Mimi najua mpira."

Kabla sijafika kwa Tupo, kuna kipa wetu. Yule mwenye mikono kama ina gundi. Yeye hakuumia popote. Siku moja alikuja akasimama pembeni ya sakafu, hajavua hata begi la shule.

"Dada Atu, nimechoka."

"Pumzika kesho."

"Sijachoka mwili. Nimechoka mpira."

Hakurudi. Alihamia kwa shangazi yake Katumba Songwe. Tulipoenda kucheza huko nilimwona kando ya uwanja, mpira ukatoka ukapita miguuni kwake, akauacha upite kama kuku wa jirani. Mtoto ambaye zamani alikuwa analala na mpira. Kocha naye alimwona. Alijifanya anafunga kamba za viatu.

Sasa Tupo. Jina lake lote ni Tupokigwe, mnamjua kama mrefu huyu wa sasa, lakini wakati huo alikuwa darasa la sita, mfupi, mguu wa kushoto wenye akili kuliko watu wazima wengi. Kabla ya sheria alikuwa pia nyota wa netiboli shuleni. Kuna shule ya bweni ya wasichana, ya mbali, inayochukua wanaojua mpira na kuwasomesha bure. Walitangaza kwamba mwisho wa masika watu wao watakuja Kyela mjini, Jumamosi, kuangalia watoto. Kocha akamwambia baba yake Tupo, na kuanzia siku hiyo Tupo hakutumwa hata kuchota maji. Alikuwa anacheza tu. Asubuhi na sisi, mchana na kaka zake, jioni na sisi tena, na Kocha akimbakiza peke yake mpaka giza.

Jumatano ya wiki waliyokuwa waje kulinyesha kidogo, kisha jua likatoka. Sakafu ilikuwa na madimbwi huku na kukavu kule. Watoto walikuwa wanapita kwenye maji na kutokea pakavu, wanaacha nyayo. Mimi nimekaa juu ya ndoo nawaangalia. Nyayo za wengine zilikuwa nzima, kisigino mpaka vidole. Kuna za mguu mmoja wa kushoto zilikuwa vidole tu na ukingo wa nje. Nikazifuata kwa macho mpaka zilipoishia. Zilimfikia Tupo.

"Tupo, njoo."

"Niko sawa, dada."

"Sijakuuliza bado."

Akaja, anatembea vizuri sana. Vizuri mno.

"Nionyeshe panapouma."

Akamwangalia Kocha, ambaye alikuwa ametupa mgongo. Halafu akainama akaweka kidole kwenye ugoko, upande wa ndani. Kidole kimoja. Nikagusa hapo, sijabonyeza hata, akavuta pumzi kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

"Tangu lini?"

"Kabla ya Pasaka."

"Na hukusema?"

"Ningekuambia, ungemwambia Kocha?"

"Ndiyo."

"Si unaona." Akanishika mkono. "Usiseme, Dada Atu. Mpaka Jumamosi tu. Ikipita Jumamosi nitaumwa vizuri."

Nilisema jioni hiyohiyo. Kocha alinisikiliza mpaka mwisho, nikadhani nimeshinda. Akasema, "Ni uchovu. Kesho na keshokutwa nitampumzisha. Jumamosi anacheza." Nikasema ni mfupa. Akasema, "Atu, hiyo nafasi ikipita hairudi. Unaijua hiyo?" Kwa kweli nilikuwa naijua.

Ijumaa asubuhi nikaenda kwao. Baba yake alikuwa anageuza kokoa kwenye mikeka, anaharakisha jua kabla mawingu hayajarudi.

"Ugonile, Tata," nikamwamkia kwa lugha yetu, ili anisikilize.

"Ndaga, mwanangu. Karibu. Umekuja kumwona nyota?"

Nikamweleza. Aliendelea kugeuza kokoa.

"Mguu naujua," akasema. "Namchua kila jioni kwa mafuta. Nasugua kweli. Wala halii, huyu mtoto anavumilia."

"Hapo ndipo pananiogopesha, baba. Afadhali angelia."

"Wewe binti umesomea udaktari?"

"Hapana. Nina kidato cha nne."

"Basi." Hakusema kwa dharau. Aliegemea reki yake. "Ile shule ina maabara. Ina bweni la ghorofa. Nikianika hii kokoa mpaka nizeeke simfikishi pale. Mguu wake ndio utamfikisha. Sasa wewe unataka niuzuie mguu wenyewe?"

Niliondoka na hasira, kwa sababu alikuwa na haki, na mimi pia nilikuwa na haki, na kesho yake ilikuwa Jumamosi.

Uwanja wa mjini ulikuwa umekauka, nyasi zimekatwa, watu wamejaa. Yule Madam wa shule ya bweni alikaa kwenye kiti cha plastiki, kofia imeshuka usoni. Tupo alikuwa anaruka juu ya mguu wa kulia, anajifanya anapasha mwili. Kocha akanisogelea na bandeji mpya na vidonge vya maumivu.

"Vidonge nitampa mimi. Wewe mfunge. Kaza."

"Simfungi."

"Atu."

"Kocha, simfungi. Ulinifundisha bandeji ya kusaidia. Hii ni ya kuficha."

Aliniangalia kama hanijui. "Nimekutoa nyumbani kwenu unamwaga maji ya kunywa, leo unanifundisha mimi?" Akapiga goti akamfunga mwenyewe, kwa mikono ile ya ufundi, akakaza mpaka vidole vya mtoto vikabadilika rangi. Tupo alimeza vidonge bila maji.

Nilifikiria kwenda kwa Madam. Nikajiambia hapana, huyu mtoto ana mwenyewe. Baba yake alikuwa amesimama nyuma ya goli, amevaa koti la kanisani na suruali ya pasi. Nikamkimbilia. Refa tayari alikuwa anaweka mpira katikati.

"Baba, nakuomba kitu kimoja. Usiniamini mimi, na Kocha usimwamini. Mbonyeze wewe mwenyewe. Usimchue. Kidole kimoja, ushuke na mfupa."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Hapa, baba. Nakuomba."

Alinitazama, akatazama uwanja. Kisha akaita, "Tupo! Gwe, njoo!"

Tupo akaja, ananiangalia kwa jicho ambalo sitalisahau. Baba yake akapiga magoti kwenye nyasi na suruali yake ile, akafungua bandeji.

"Wapi panauma?"

"Hakuna, Tata."

"Wapi?"

"Hakuna."

Akaanza chini ya goti. Kidole kikawa kinashuka taratibu. Kocha alikuwa ameshafika, amesimama juu yetu na anahema. Tupo alikuwa anaangalia uwanjani, uso mkavu kabisa, hapepesi macho. Kidole kikafika. Mkono wake tu ndio uliokamata kola ya koti la baba yake, ukaizungusha, ukaizungusha, mpaka kifungo kikakatika.

Baba yake akaondoa kidole, akakiacha hewani.

"Hapa?" akasema. "Ndiyo hapa nilikuwa nasugua kila jioni?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unanyamaza?"

"Ulisema ninavumilia."

Filimbi ya kuita timu ikalia. Kocha akainama, sauti yake imeshuka sana. "Baba Tupo, dakika kumi tu. Aguse mpira, aonekane, nimtoe. Dakika kumi, apate shule."

Yule baba alianza kufungua kamba za njumu. Fundo likakataa, akalikata kwa meno. Tupo ndipo akalia, na alilia kwa sauti ya kutisha, anampiga baba yake mgongoni kwa ngumi. Akambeba hivyohivyo, anapigwa, akavuka naye mbele ya watu wote mpaka barabarani. Madam aliinua kofia.

"Ndiye yule wa mguu wa kushoto?"

"Alikuwa," Kocha akasema.

Nilipanda nao bajaji mpaka hospitali. Picha ilionyesha ufa kwenye mfupa, mwembamba kama unywele. Daktari alikuwa kijana, amechoka. Baba Tupo akamuuliza kama mtoto angecheza siku hiyo ingekuwaje. "Huenda angemaliza mechi akarudi nyumbani," alisema. "Huenda mfupa ungekatika kabisa na sasa tungekuwa tunaongelea upasuaji. Siwezi kukuambia ipi." Wakamfunga hogo la plasta kuanzia chini ya goti mpaka vidoleni.

Shule ilichukua watoto wengine. Tupo aliacha kunisalimia. Alikuwa ananipita na magongo yake kama anapita nguzo ya umeme, na kwa mtoto wa hapa kumpita mkubwa bila shikamoo mnajua maana yake. Hata hogo lilipotolewa bado alikuwa ananipita. Sikumlaumu. Huo mfupa usiokatika hakuna aliyeuona, yeye aliona shule inayoondoka.

Kocha naye tulifanya kazi muda mrefu tunaongea kwa filimbi. Lakini niliambiwa na watu wa kijiweni kwamba alikwenda kuiomba ile picha kwa Baba Tupo. Akasimama nje ya gereji yake, akaiinua kwenye jua, akaiangalia mpaka wateja wakaondoka.

Masika iliyofuata hakuiomba sakafu. Nilipomuuliza, akajibu, "Saruji inamaliza viatu." Ni hilo tu, mpaka leo. Na sheria ya mpira tu haikufutwa na mtu yeyote, ilikufa yenyewe. Watoto walikwenda kwenye maji, na hakuna aliyewaita. Msijaribu kumfanya aseme zaidi. Mtaharibu.

Kwa hiyo, nyinyi wawili. Maji yakija, waacheni waende. Wakirudi msiwacheke wiki ya kwanza. Mtoto mpya akija, kabla hamjamwona anapiga mpira, mwulizeni anacheza nini kingine. Akijibu hakuna, huyo mwekeni jicho, hata kama ndiye bora kuliko wote. Hasa kama ndiye bora.

Jana nilikuwa nafunga sanduku, Tupo akaja. Tulianza kusalimiana tena mwaka jana, polepole, yeye ndiye aliyeanza. Sasa yuko sekondari ya hapa, amerefuka, anacheza mpira wetu, anaogelea, anacheza netiboli. Akakaa juu ya nguo zangu nilizokwisha kunja.

"Dada Atu, ile shule wanakuja tena. Wamesema wa sekondari nao wanawachukua."

"Mguu ukoje?"

"Mzima. Ila nimechaguliwa netiboli ya wilaya, na ni siku ileile."

Mnanijua, nikafungua mdomo palepale. Nilikuwa na maneno tayari kuhusu maabara, bweni, maisha. Akaninyooshea kiganja.

"Sijaja unichagulie. Nimeshachagua, naenda netiboli. Nimekuja kuuliza nianze kumwambia nani, Tata au Kocha. Maana wote watapiga kelele."

Nikamwambia aanze na baba yake, huyo siku hizi anasikiliza. Alimwambia jana hiyohiyo, na kelele zilikuwa za kawaida. Kocha bado hajaambiwa. Mimi Jumatatu nitakuwa kwenye basi, kwa hiyo Gwakisa, ukimsindikiza Tupo kumwambia, chagua siku ambayo hajashika spana.